Kafi la kayaki la kuchonga mwenyewe: ubao mmoja, mbao za kubandika, au mpini na plaiwudi?

Kafi la kayaki, ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja au wawili, lina mabapa mawili, moja kila upande, na mpigaji hulishika katikati. Fundi wa mitumbwi wa Mikindani au Sudi atakuchongea kafi la bapa moja bila swali. Lakini mwambie unataka la mita mbili na robo, bapa huku na huku, uzito kilo moja na ushei, uone atakavyoweka tezo chini na kukuuliza: "Mwanangu, hiyo kilo moja umeipimia kwa mti gani?"

Na swali hilo ndilo linalowakwamisha wengi. Huku kusini mwa Tanzania tuna mbao ngumu zinazosifika nchi nzima, lakini nyingi ni nzito. Zile nyepesi zilizonyooka huja kwa lori kutoka nyanda za juu, na zikifika huwa na macho mengi, yaani vifundo vya matawi, na maji mengi. Ziko njia tatu za kutengeneza kafi la kayaki kwa mkono, na kila moja ina namna yake ya kulikwepa tatizo hilo: kuchonga ubao mmoja tangu ncha hadi ncha, kubandika vipande vya mbao tofauti, au kuingiza mabapa ya plaiwudi kwenye mpini. Zote nimeziona zikifanya kazi na zote nimeziona zikimshinda mtu aliyechagua isiyomfaa.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza ni uzito. Mtu anayekwenda mwendo wa kawaida hupiga kafi mara 50 hadi 60 kwa dakika ukihesabu mikono yote miwili, yaani mara 3,000 na zaidi kwa saa. Gramu mia mbili usizozihisi ukiwa dukani utazihisi begani kabla hujafika Msangamkuu. Tena uzito wa ncha ni mbaya kuliko uzito wa katikati, kwa kuwa ncha ndizo zinazoinuliwa na kuzungushwa kila pigo. Kafi zito katikati na jepesi kwenye mabapa linavumilika. Kinyume chake hakivumiliki.

La pili ni mbao unayoweza kuipata kweli, siyo uliyoisikia. La tatu, zana na mikono: una randa na msumeno tu, au una mahali pa kubania vipande vikakauka bila kuguswa? La nne ni bahari yenyewe. Ghuba ya Mikindani imejikinga, lakini toka nje ya mlango wake mwezi wa Julai upepo wa kusi ukiwa umeshika, bapa pana lililo juu hewani linakuwa tanga usilolitaka. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo utarudi ukute mwamba na tope mahali ulipoondoka ukielea, na kafi litageuka pondo la kusukumia. Kafi lolote la hapa litagonga mawe. La tano, likivunjika litatengenezeka?

Fedha nimeziweka mwisho makusudi. Katika njia zote tatu mbao si gharama kubwa ya kutisha. Gundi ndiyo inayokula fedha, na muda.

Kwa wauza mbao

Hapa tukae kidogo, maana kafi baya huanzia hapa.

Kafi jembamba lililokamilika, la mita mbili na kitu, huwa na lita mbili hivi za mbao ndani yake ukiliyeyusha kwa mawazo. Hesabu ni rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja, na kila mti una sehemu yake ya hiyo kilo. Paini iliyokauka ni kama gramu 450 kwa lita, kwa hiyo kafi litakuwa na gramu 900 hivi. Mninga ni gramu 600 na kidogo, kafi kilo moja na robo. Mvule uko karibu na mninga, juu yake kidogo. Mkongo unakaribia gramu 800 kwa lita, kafi kilo moja na nusu na zaidi. Mpingo, fahari ya misitu ya Kilwa na Nachingwea, uache kwa zumari na vinyago: ni mzito kuliko maji, likikuponyoka linakwenda chini kama nanga.

Paini nyingi tunazouziwa, mafundi wanaziita mbao za Mafinga, hutoka mashamba ya miti ya Mufindi, Sao Hill na majirani zake. Mara nyingi ubao ni wa futi 12, kwa hiyo mmoja unatoa kafi zima na kipande cha zaidi ya mita moja kinachobaki. Ukiambiwa "mbili kwa nne" pima mwenyewe. Jina ni inchi mbili kwa nne, ubao wenyewe mara nyingi ni pungufu.

Uchague hivi. Shika ubao, uuelekeze machoni kama unalenga shabaha, uone kama umejipinda. Kisha tazama nyuzi kwenye ukingo. Zikianzia katikati ya ubao na kutokea pembeni ndani ya nusu mita, urudishe. Hapo ndipo kafi litakapopasukia siku umelikandamiza. Tazama kichwa cha ubao: ukiona kile kiini laini cha katikati ya mti, ambacho pete zote zinakizunguka, huo utajikunja ukikauka hata ungeuwekea mawe. Jicho dogo lililoshikana, likiwa sehemu ya bapa, si neno. Jicho kwenye mpini, hapana.

Usinunue ile ya kijani iliyotiwa dawa. Nyingi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki. Ni nzuri kwa kenchi za nyumba, lakini wewe utaipiga randa, utavuta vumbi lake, kisha utaishika kwa mikono iliyolowa siku nzima.

Ukishafika nayo nyumbani, ilaze kivulini juu ya vipande vya fito ili hewa ipite chini na juu, na uipime kwenye mizani ya muuza nafaka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Kwa unene wa inchi mbili na hewa yetu ya pwani, usitegemee chini ya mwezi mmoja. Mninga una heri hapa, maana haujikunji sana ukikauka, ndiyo sababu maseremala wanaupenda.

Kuna wanaofikiria mwembe kwa sababu mitumbwi mingi huchongwa kwake. Mtumbwi unataka gogo nene. Kafi linataka uzi mrefu ulionyooka, na mwembe hautoi huo kwa urahisi, tena wadudu wanaupenda. Mikoko usiiguse: misitu yake ni hifadhi, na kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Isitoshe, ni mizito. Kwa mbao za msitu wa asili, mninga na mkongo, mwombe muuzaji risiti yako hata kama ni ubao mmoja.

Njia ya kwanza: ubao mmoja, kafi jembamba

Umbo hili ni la Wainuiti wa Greenland, watu waliounda kayaki kabla ya plastiki kujulikana. Kwao miti ya maana haimei. Walichonga magogo yaliyoletwa na bahari, na ncha wakazivika mfupa zisiliwe na barafu. Bapa lina upana wa sentimita 8 au 9 tu, lakini ni refu, linaanzia karibu na mikono na kwenda hadi ncha.

Mbao. Njia hii haina huruma na ubao mbaya, kwa kuwa hakuna gundi wala kipande cha pili cha kuusaidia. Paini safi ndiyo nyepesi. Mninga unatoa kafi zuri sana kwa macho na gumu, lenye gramu mia tatu za ziada. Mkongo nisingekushauri.

Vipimo vyake utavipenda, maana ni vya mwili: pima moja na dhiraa moja. Nyosha mikono miwili, pima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ongeza urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwenye pima ya sentimita 170 na dhiraa ya 45 anapata kafi la 215. Mpini wa katikati uwe upana wa mabega yako, sentimita 45 hadi 55. Upana wa bapa usizidi kile kiganja chako kinachoweza kukumbatia, kwani utalishika hata bapani.

Zana na kazi. Msumeno, randa, tupa ya mbao, msasa. Mwenye tezo anaokoa nusu ya muda mwanzoni, ila tezo la mtumbwi likikolea kwenye paini linang'oa zaidi ya ulichokusudia. Chora mstari wa kati pande zote nne na usiufute mpaka mwisho. Kata umbo la bapa kwa msumeno. Punguza unene: milimita 34 hivi katikati, ukishuka hadi 10 au 12 kwenye ncha. Mpaka hapo kila kitu kina pembe mraba, na usianze kuviringisha chochote kabla pembe hizo hazijakamilika kote. Anayeanza na mviringo hupata kafi lenye upande mnene asijue umetokea wapi.

Mpini huviringishwa kwa kupitia pembe nane. Gawa upande wa milimita 34 katika 10, 14 na 10, chora mistari miwili kila upande, kisha piga randa kila pembe mpaka ifike kwenye mistari. Unapata pande nane zilizo sawa. Toa pembe za hizo nane ziwe kumi na sita, halafu msasa unamaliza. Kwenye bapa, acha mgongo katikati na ushushe pande mpaka kingo zibaki milimita nne au tano. Lipitishe bapa kidoleni ukiwa umefumba macho. Kidole kinaona kinundu ambacho jicho limekiruka.

Mizani: liweke katikati juu ya kidole kimoja. Upande unaoanguka ndio wa kupunguza, na upunguze kwenye bapa, si mpini.

Majini. Halina kelele, halikamati upepo, na bega halilalamiki mwisho wa siku. Lakini linataka kufundishwa, au tuseme wewe ndiye unayetaka kufundishwa: ukingo wa juu wa bapa lazima uinamishwe mbele kidogo linapoingia majini, la sivyo linatetemeka na kuonekana kama halishiki maji. Wengi hulitupa siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Jambo la pili ni upana wa chombo. Zile kayaki za plastiki za kukalia juu zina upana wa sentimita 75 na zaidi, na kafi la pima na dhiraa huwa fupi kwake. Vidole vitagonga ubavu wa chombo. Unaweza kuongeza sentimita 15 kwenye mpini, ila utamu wake unapungua.

Likivunjika. Ncha iliyoliwa na mwamba huchongwa upya, unapoteza sentimita moja, hakuna anayejua. Likikatika mpini unaweza kuliunga kwa mkato wa mshazari, urefu wa mkato mara nane ya unene, na gundi ya epoksi. Kwa kweli wengi huchonga jingine.

Linamfaa nani. Mwenye kayaki nyembamba, anayekwenda mbali, asiye na zana nyingi, na mwenye subira ya kuchagua ubao. Pia asiyetaka kusikia habari za gundi.

Njia ya pili: mbao za kubandika

Hapa unajenga kafi kwa vipande: mpini wa tabaka mbili au tatu zilizobandikwa, na pembeni mwa kila ncha unaongeza vipande vya mbao nyepesi mpaka upate bapa la upana wa sentimita 15 hadi 17 na urefu wa 45 hadi 50. Kisha unachonga bapa liwe na kijibonde kama upawa.

Mbao. Hapa ndipo mahali pa kutumia mabaki. Vipande vifupi vya paini visivyo na macho, ukanda wa mninga wa milimita 6 katikati ya mpini kwa ajili ya nguvu, ukanda mwembamba wa mkongo kwenye ukingo wa bapa ili mwamba ukutane na kitu kigumu. Kila mti unakwenda mahali unapofaa. Mtu asiyepata ubao mmoja mrefu na safi, na Lindi hilo ni jambo la kawaida, hana sababu ya kuhuzunika. Ukitumia mtiki, upanguse kwa asetoni kabla ya gundi, kwa kuwa una mafuta yanayozuia kushikana.

Zana na kazi. Zote za njia ya kwanza, pamoja na jiriwa nyingi kuliko unavyofikiri. Usipokuwa nazo, kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe mkanda mrefu, uviringishe kwa nguvu kila sentimita. Unabana sawasawa na hauachi alama. Funika mbao kwa karatasi ya nailoni kwanza, au utabandika na mpira.

Gundi nyeupe ya maseremala haifai kwa kafi. Ikikaa majini inalainika na kafi linafunguka tabaka tabaka. Tumia epoksi ya sehemu mbili. Zile bomba mbili ndogo za duka la vifaa zinatosha kwa ukarabati. Kwa kafi zima utahitaji kopo, na kwa kawaida utaliagiza Dar es Salaam. Na joto letu lina mambo yake: epoksi ikichanganywa nyingi kwenye kikombe kirefu inapata moto yenyewe na kuganda kabla hujapaka nusu. Changanya kidogo, mimina kwenye sahani bapa, fanya kazi asubuhi.

Halafu kuna subira ya aina nyingine. Mpini unakauka leo, mabapa kesho, kuchonga kesho kutwa. Unapofika kwenye kuchonga, nyuzi za kila kipande zinaelekea kwake, kwa hiyo randa inayokwenda vizuri kwenye kipande hiki inang'oa kwenye jirani yake. Inoe mno, uchukue kidogo kidogo.

Majini. Linashika maji kwa nguvu tangu pigo la kwanza, halihitaji somo. Kayaki nzito ya plastiki yenye watu wawili inataka bapa la aina hii, urefu wa sentimita 230 hadi 240. Kwenye kusi utalihisi: bapa la juu linasukumwa na upepo, na mkono wa juu unafanya kazi ya pili isiyo na malipo. Wapo wanaolipinda, bapa moja likitazama upande tofauti na mwenzake ili lile la juu likate upepo. Kwa anayeanza ningeacha yote mawili yatazame upande mmoja. Kiganja kinachozungushwa maelfu ya mara huanza kuuma kwenye kifundo.

Jambo moja ambalo njia nyingine zinalifanya kwa shida: hili unaweza kulijenga vipande viwili vinavyoungana katikati kwa mrija wa bati au wa faibagilasi. Kama umewahi kujaribu kupanda bodaboda au basi la Masasi na mti wa mita mbili na nusu, unajua thamani yake.

Likivunjika. Kipande cha ukingo kikiondoka, unabandika kingine. Kosa lake kubwa ni kiungio kilichoachwa kikavu. Maji yanaingia, mbao inavimba, na unagundua mwezi mmoja baadaye. Kila mwisho wa msimu pitisha ukucha kwenye mistari ya gundi.

Linamfaa nani. Mwenye karakana au baraza tulivu, anayependa kazi ya mkono kwa ajili ya kazi yenyewe, au mwenye chombo kipana. Hili ndilo linalochukua muda mwingi kuliko yote na ndilo zuri kuliko yote likitoka vyema. Likitoka vibaya ni zito kuliko yote vilevile, kwa kuwa gundi nayo ina uzito na wanaoanza huogopa kupunguza.

Njia ya tatu: mpini na mabapa ya plaiwudi

Tazama makasia ya mashua zilizoegeshwa ufukweni: mti mmoja, na ubao mpana umekazwa kwenye ncha yake. Wazo ni hilohilo, pande zote mbili.

Mbao. Mpini wa paini au mninga wa milimita 32 hadi 35, ulioviringishwa kwa njia ya pembe nane niliyoeleza. Mwanzi mnene uliokauka ni mwepesi sana na watu wanautumia, ila hupasuka kwa urefu kwenye kiungio, kwa hiyo ufunge uzi kabla ya kupasuka, si baada. Mabapa ni plaiwudi ya milimita 6. Shida iko hapa: plaiwudi ya kawaida ya dari imebandikwa kwa gundi isiyostahimili maji. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa moja, ukiache kikauke. Kikifunguka tabaka, umeokoa kafi lako kwa bei ya mkaa. Kikishikamana, nenda kanunue.

Zana na kazi. Msumeno, randa, keekee. Pasua ncha ya mpini kwa msumeno sentimita 25, ingiza plaiwudi, jaza epoksi, kisha funga kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, mizunguko iliyobanana, ukiupaka epoksi juu. Ukitaka uhakika zaidi weka ribiti mbili za shaba. Toboa tundu dogo mwisho wa mpasuko kabla ya kuanza. Tundu hilo linauzuia ufa usiendelee kuupanda mpini. Kingo za plaiwudi zinyweshe epoksi mara mbili tatu mpaka zisinywe tena. Maji huingilia ukingoni, hayapiti usoni.

Ni kazi ya siku mbili, ya tatu ikiwa ya kukauka.

Majini. Bapa ni bapa kweli, halina kijibonde, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu sana linayumba kidogo kulia na kushoto. Linashika maji vya kutosha. Ncha zake ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Kusi linalisumbua kama lile la pili.

Likivunjika. Hapa halina mpinzani. Bapa limekatika? Kata uzi, ng'oa, ingiza jingine. Ukiwa umechora umbo kwenye kadi, mabapa ya akiba unayakata kumi kwa mkupuo.

Linamfaa nani. Mwenye makafi mengi ya kutengeneza, mwenye haraka, mwenye wageni wa kukodisha wasiojua kuwa mwamba unauma. Anayejali sura atalitazama kwa huzuni.

Cha kupaka

Kwenye mabapa paka vanishi ya nje au epoksi ukitaka. Kwenye mpini, hapana. Vanishi iliyolowa chumvi inatoa malengelenge mikononi; mafuta ya kitani, yale yaliyochemshwa, yanauacha mti ukishikika. Paka, ngoja nusu saa, futa yaliyobaki, rudia siku ya pili na ya tatu. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Vikikunjwa na kuachwa juu ya maranda vinapata joto na kuwaka vyenyewe, na karakana nzima inakwenda.

Huku kwetu kuna mafuta ya maganda ya korosho, yanafukuza mchwa na kuzuia maji, na utashawishika. Mabichi yanaunguza ngozi na kuitoa malengelenge, waulize wanaobangua. Kwenye kitu cha kushika siku nzima sitayaweka hata kidogo. Sifa, yale mafuta ya papa, iache kwa majahazi, isipokuwa kama unapenda kusafiri peke yako.

Kwa hali yako

Una kayaki nyembamba ya kukaa ndani, na unawaza Mikindani hadi Msimbati kwa kulala njiani: anza na ubao mmoja, paini, na utenge wiki mbili za kujifunza kuinamisha bapa ukiwa bado ghubani. Ukiwa na nafasi kwenye chombo, beba la plaiwudi kama akiba, kwa maana huko nje hakuna wa kumwazima.

Una kayaki pana ya kukalia juu, unavuka Lindi kwenda Kitunda au unazunguka mikoko na watoto: ubao mmoja utakugombanisha na chombo. Chagua kati ya pili na tatu. Una muda na baraza, bandika. Huna, plaiwudi.

Unakodisha vyombo kwa wageni, Mikindani au Kilwa Masoko ambako watu hutaka kujivukia wenyewe hizo kilomita mbili za kwenda Kilwa Kisiwani: plaiwudi kwa wageni, na moja la kubandika la kwako mwenyewe unapokwenda kumfuata aliyechoka katikati ya mlango.

Umepata ubao wa mninga ulionyooka, mzuri hata unaona vibaya kuukata, lakini bega lako halivumilii kafi zito. Usichonge wote kuwa kafi moja. Upasue kanda nyembamba za mpini na za kingo, ujazie paini, na mninga huo utatoa makafi matatu ya kubandika badala ya moja linalokuchosha.

Hujawahi kushika randa kabisa: tengeneza mpini mmoja tu kwanza, wa pembe nane hadi mviringo, kwa kile kipande kilichobaki cha ubao wa futi 12. Ukitoka sawa, una mkono wa kuchonga kafi jembamba. Ukitoka na nundu, upasue ncha zake, ingiza plaiwudi, na unalo kafi fupi la mtoto.